Kambi ya Mtu Mmoja: Mazingira ya Kazi Katika Akiolojia Yetu

Ukitaka kujua kama kambi fulani ya uchimbaji wa akiolojia inaendeshwa kwa haki, usianze kwa kuuliza nani mkali na nani mpole. Uliza ufunguo wa gari unakaa kwa nani, posho inatoka mkononi mwa nani, sampuli zikisharudi Dar es Salaam zinafungiwa kwenye kabati la nani, na barua ya mapendekezo ya mwanafunzi itaandikwa na nani. Mara nyingi utakuta majibu yote manne ni jina moja. Nimeifanya kazi hii nikiwa mwanafunzi, kisha mhadhiri msaidizi, na sasa ni mmoja wa wanaopeleka wanafunzi fildi, yaani kwenye kazi za uchimbaji nje ya chuo, na naamini kwamba sehemu kubwa ya manung'uniko tunayoyasikia kwenye korido za idara zetu, ya wasichana kusumbuliwa, ya vijana kunyang'anywa takwimu zao, ya vibarua kusahauliwa, yanatoka kwenye chanzo hicho kimoja: mtu mmoja kushika kila kitu ambacho wenzake wanakihitaji ili wale, wasome na wafike nyumbani salama.

Maelezo tunayopewa kwa kawaida ni mengine. Tunaambiwa kwamba wanafunzi wetu hawasemi kwa sababu wamelelewa kuheshimu wakubwa, kwamba binti wa Kitanzania ana haya, kwamba kibarua wa kijijini hajali kama jina lake limeandikwa au halikuandikwa, ilmradi amelipwa. Maelezo haya siyakubali. Wanafunzi hao hao wanaonyamaza fildi huandika barua kali kudai mikopo yao iliyocheleweshwa, hubishana na wenye nyumba wa Changanyikiwa na Makongo juu ya kodi, na hupigania nafasi kwenye daladala za Mwenge kila asubuhi. Watu wasio na ujasiri hawafanyi hivyo. Wananyamaza fildi kwa sababu wamepiga hesabu, na ninasikitika kusema kwamba hesabu yao ni sahihi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufika kwenye kambi ya uchimbaji, nieleze kidogo jinsi mambo yanavyokwenda. Msimu wetu ni kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekatika na barabara za vumbi zikiwa zinapitika. Kundi hutoka Dar es Salaam likiwa na mkuu wa mradi, mtafiti mwenzake mmoja au wawili, wanafunzi wa shahada ya kwanza waliokuja kwa mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi wa shahada ya umahiri anayekusanya takwimu zake, dereva, mpishi, na afisa anayewakilisha mamlaka ya malikale. Vibarua huajiriwa kijijini baada ya kuripoti kwa mtendaji na kuonyesha vibali. Mahema hupigwa karibu na shule au zahanati kama kuna maji, na kama hakuna hupigwa popote. Simu hushika kwenye kilima kimoja tu, na kila mtu kambini anamwona anayekipanda kilima hicho. Gari ni moja, na haliondoki bila idhini.

Kazi hugawanywa asubuhi ya kwanza, na mgawanyo huo hudumu hadi siku ya kuvunja kambi. Vijana wa kiume huingia shimoni na mwiko na brashi, hupima kina, huchora ukuta wa shimo tabaka kwa tabaka. Wasichana huketi chini ya mti na mabeseni ya maji na miswaki, wakiosha vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale, wakivianika juu ya chandarua, wakiviandika namba ndogo kwa kalamu nyembamba. Kuosha vigae ni kazi ya lazima na inahitaji jicho makini. Mtu asiyejua anaweza kufuta nakshi yote kwa mswaki mmoja. Lakini anayeosha vigae haoni udongo ukibadilika rangi kutoka mwekundu kuwa wa majivu, hasikilizi ubishi wa pale ukingoni kuhusu kama shimo lile dogo ni la nguzo au la mchwa, na hapo ndipo tafsiri ya saiti, yaani eneo linalochimbwa, inapozaliwa. Miaka miwili baadaye, wote wawili wakiomba nafasi ya kusoma zaidi, mvulana ana michoro ya tabaka na hoja ya kutetea, msichana ana orodha. Nilimsikia msimamizi mmoja akisema wasichana wanapewa vigae kwa sababu wana mikono myepesi. Alikusudia kuwasifu, na sifa hiyo iliwagharimu.

Kitu kingine ambacho ningependa msomaji akitazame kwa karibu ni lebo ya mfuko. Kila kinachopatikana, kiwe kigae, shanga, mfupa au jiwe lililochongwa, hutiwa kwenye mfuko mdogo wa plastiki, na ndani yake huwekwa kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli kwa kuwa wino hufutika: jina la saiti, namba ya shimo, tabaka, kina kwa sentimita, tarehe, na mwishoni herufi za kwanza za jina la mtu. Katika miradi niliyoifanyia kazi, herufi hizo zilikuwa za aliyeandika. Mwandishi ni mwanafunzi aliyekaa ukingoni na daftari. Aliyepiga magoti ndani ya shimo, ambaye alisikia mwiko ukitoa mlio tofauti ulipogusa kitu na akajua kusimama kabla hajakivunja, ni kibarua wa miaka hamsini na kitu ambaye amechimba na kila kundi lililopita kijijini kwake. Herufi zake hazimo. Kikaratasi kinaingia kwenye jedwali, jedwali kwenye ripoti, ripoti kwenye makala ya jarida, na katika hatua zote hizo unaweza usimpate hata mtu mmoja aliyedhamiria kumdhulumu mwenzake. Mtu amekwisha kupotea tangu pale ukingoni. Mwisho wa makala, kwenye aya ya shukrani, anatokea tena, safari hii akiwa ndani ya maneno "wenyeji wa kijiji".

Upotevu huu una historia ndefu katika nchi yetu, na wanafunzi wangu huwa kimya darasani ninapowasimulia. Kati ya mwaka 1909 na 1913, muda mfupi baada ya Vita vya Majimaji kuiacha kusini ikiwa na njaa na makaburi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, Lindi. Zaidi ya tani 200 za visukuku zilibebwa na wapagazi kwa miguu, mwendo wa siku nne hivi, hadi bandari ya Lindi, na kutoka hapo zikapelekwa Berlin, ambako kiunzi cha mnyama mwenye kimo cha zaidi ya mita 13 kimesimama makumbusho hadi leo. Majina yaliyoenea vitabuni ni ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Ilibidi ufike mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake, na mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya watu wa Kimwera na ya Mohammadi Keranje, mmoja wa wachimbaji. Karibu karne nzima ilipita, na heshima hiyo ilipokuja ilikuja kwa Kilatini.

Fuvu la Zinjanthropus, ambalo kila mtoto wa shule ya msingi nchini anafundishwa, lilionwa Oldupai tarehe 17 Julai 1959 na Mary Leakey, siku ambayo mumewe, Louis, alikuwa amebaki kambini akiumwa. Makala iliyolitangaza fuvu hilo katika jarida la Nature mwaka huo huo ilikuwa na mwandishi mmoja, naye ni Louis. Mary hakuwa na shahada ya chuo kikuu, ingawa alikuwa na jicho na mkono ambao wachimbaji wengi wenye shahada hawakuwa nao. Baadaye aliongoza mwenyewe uchimbaji wa Laetoli, kusini mwa Oldupai, na hapo tunaona jambo ambalo wengi hulipita haraka. Mwaka 1974, mfanyakazi wa kundi lake aitwaye Maundu Muluila aliokota taya la chini linalojulikana kwa namba LH 4. Taya hilo ndilo lililochaguliwa mwaka 1978 kuwa kielelezo rasmi cha zamadamu, yaani jamaa wa kale wa ukoo wa binadamu, aitwaye Australopithecus afarensis, jina lililotolewa na Johanson, White na Coppens. Mwaka huo huo wa 1978 Paul Abell aliona alama ya unyayo wa zamadamu pale Laetoli, na Ndibo Mbuika, mchimbaji mzoefu, ndiye aliyepewa kazi ya kufukua mahali hapo na kuzifichua nyayo zilizofuata, nyayo zenye umri wa miaka milioni 3.66. Waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu majina haya mawili, Muluila na Mbuika. Nimewauliza mara nyingi.

Simtaji Mary Leakey ili nimlaumu. Namtaja kwa kuwa mfano wake unaonyesha kwamba mwanamke akipanda juu ya ngazi, ngazi yenyewe haibadiliki kwa kupandwa kwake. Watu wengi wenye nia njema katika idara zetu wanadhani dawa ni kuongeza wanawake wenye vyeo, na mimi naunga mkono waongezwe, wengi sana. Lakini mwanamke akikabidhiwa mradi ulioundwa ili mtu mmoja ashike fedha, gari, sampuli na barua za mapendekezo, atakuwa mtu huyo mmoja, na wema wake ndio utakuwa ulinzi pekee wa walio chini yake. Wema wa mtu si kitu cha kutegemewa na msichana wa miaka ishirini na mbili aliye mbali na nyumbani.

Kuna utafiti mmoja ambao kila mkuu wa mradi angepaswa kuusoma kabla hajajaza mafuta kwenye gari. Mwaka 2014, Kathryn Clancy na wenzake watatu nchini Marekani walichapisha katika jarida la PLOS ONE majibu ya watu 666 waliofanya kazi za fildi katika anthropolojia, akiolojia na sayansi nyingine za aina hiyo. Asilimia 64 walisema wamewahi kutolewa maneno ya udhalilishaji wa kingono fildi, na zaidi ya asilimia 20 walisema wameguswa au kushambuliwa kimwili kwa namna hiyo. Wanawake walipatwa zaidi kuliko wanaume, na waliolengwa zaidi walikuwa wanafunzi na watafiti wachanga. Jambo lililonigusa kuliko hesabu hizo ni hili: wanawake walisumbuliwa zaidi na waliowazidi cheo, ilhali wanaume walisumbuliwa zaidi na walio sawa nao. Maana yake ni kwamba mwanamke alipatwa na madhila kutoka kwa mtu yule yule ambaye angepaswa kumlalamikia. Na wachache tu walijua kama palikuwa na kanuni yoyote au mahali popote pa kupeleka malalamiko.

Mwaka 2017 kundi hilo lilitoa kazi ya pili, iliyotokana na mahojiano ya kina na watu 26 miongoni mwa wale waliojibu, nayo kwangu ina thamani kubwa zaidi kwa sababu inatoa njia. Waliofanya kazi mahali penye kanuni zilizo wazi, zinazotekelezwa, ambapo anayevunja anaonekana akiwajibishwa, walisimulia fildi kwa furaha na wengi waliendelea na fani. Penye kanuni zisizo wazi, au zilizo wazi bila utekelezaji, hali ilikuwa mbaya, na watu walipoteza nafasi zao za kielimu. Hao ni Wamarekani kwa sehemu kubwa, watu ambao hakuna anayewaambia kwamba wananyamaza kwa sababu ya malezi ya Kiafrika.

Nitoe mfano wa kwetu, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili mhusika asitambulike. Binti mmoja, mwanafunzi hodari, alikuwa kwenye kambi iliyo mbali na barabara ya lami. Mtafiti mwandamizi alianza kumwita hemani kwake baada ya chakula cha usiku "kupitia daftari". Mara ya kwanza alikwenda na mwenzake. Mara ya pili aliambiwa aje peke yake. Aliposhindwa kuvumilia aliomba kurudi Dar es Salaam, akasema anaumwa. Akaambiwa gari linakwenda mjini Jumamosi, mafuta yamepangiwa bajeti, anywe dawa apumzike. Ilikuwa Jumanne. Dereva, mzee mwenye mabinti, alielewa bila kuambiwa. Usiku ule alilisogeza gari akaliegesha karibu na hema la wasichana na akalala humo humo, na akaendelea kufanya hivyo hadi Jumamosi. Hakumwambia mtu, wala hakuwa na mamlaka ya kufanya zaidi ya hapo, kwa kuwa naye mkataba wake ulikuwa wa msimu. Yule binti alirudi, akamaliza shahada yake, na sasa yuko benki. Fani yetu ilimpoteza mtu ambaye angeweza kuongoza kambi, na mtafiti yule aliendelea kupata miradi.

Sheria tunazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi na unyanyasaji kazini. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe kazi, cheo, haki au upendeleo wowote. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ipo pia. Lakini mwanafunzi aliyeko fildi si mwajiriwa wa mradi. Hana mkataba, anasaini daftari la posho tu. Kibarua ameajiriwa kwa kutwa na kwa maneno ya mdomo. Dereva ni wa msimu. Mtafiti kutoka nje yuko hapa kwa kibali cha utafiti, na mwajiri wake yuko ng'ambo. Kila mmoja anaangukia kwenye ufa kati ya sheria mbili, na walio ndani ya ufa ndio wengi kambini.

Tukifika kwenye suala la wageni, lazima nizungumze kwa uangalifu, kwa sababu nimefanya kazi na watafiti wa nje waungwana kabisa na nimejifunza mengi kwao. Hata hivyo mgawanyo wa mapato ya kielimu una kasoro ambayo sisi sote tunaijua. Mtafiti wa nje anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa mwaka 1986, na anahitaji mtafiti mwenza Mtanzania. Katika miradi mingine mwenza huyo ni mwenza wa kweli. Katika mingine jina lake linahitajika Kijitonyama, ziliko ofisi za COSTECH, na kwenye ofisi za wilaya, kisha halihitajiki tena. Sampuli za kupimwa umri husafirishwa kwenda kwenye maabara za ng'ambo, na anayelipia kipimo ndiye anayepokea majibu kwa barua pepe. Mwanafunzi wa uzamivu aliyekuja na mtafiti huyo wa nje anarudi kwao na takwimu za kuandikia tasnifu nzima. Mwanafunzi wetu aliyechekecha udongo pembeni yake tangu asubuhi anabaki na neno "uzoefu" kwenye wasifu wake.

Ila kosa si la wageni tu, na tukiwalaumu wao peke yao tutakuwa tunajificha. Ndani ya idara zetu wenyewe, kijana anayetaka kubakizwa chuoni kufundisha lazima awe na wastani wa 3.8 kati ya 5 wa shahada ya kwanza, na hilo ni sharti la wazi ambalo kila mtu analiona. Sharti lisilo wazi ni kujulikana yeye ni mtu wa nani. Swali la "ni mwanafunzi wa nani yule?" huulizwa kwenye vikao kabla ya swali la kile alichokiandika. Profesa akiwa na fedha za mradi, kundi lake hukua, wanafunzi wake hupata fildi, maandiko na safari za mikutano. Asiye na mlezi hupewa madarasa makubwa ya mwaka wa kwanza, mitihani ya kusahihisha mamia kwa mamia, na baada ya miaka kadhaa huulizwa kwa nini hajachapisha. Wanawake wengi ninaowafahamu wako kwenye kundi hili la pili, na huongezewa kazi ya kuwa wasimamizi wa malalamiko ya wasichana, kazi isiyohesabiwa wakati wa kupandishwa cheo.

Halafu kuna uzazi. Sheria inatoa siku 84 za likizo yenye malipo kwa mama aliyejifungua, siku 100 akiwa na watoto zaidi ya mmoja, na inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha akirudi kazini. Kwa mtu wa ofisini hesabu hiyo inaweza kukidhi. Kwa mwanaakiolojia aliyejifungua mwezi Mei, siku 84 zinaishia katikati ya kiangazi, na msimu ukimpita umempita hadi mwaka unaofuata. Saa mbili za kunyonyesha hazina maana mtoto akiwa Kimara na mama akiwa Kondoa. Mwenzangu mmoja alikwenda fildi na mtoto na mdogo wake wa kumlea, akawalipia wote wawili kutoka mfukoni mwake, na kwenye kikao cha mradi akaulizwa kama ana uhakika kwamba ataweza kujikita kwenye kazi. Baba wa watoto watatu aliyeketi mbele yake hakuulizwa.

Baada ya yote hayo, nini kifanyike? Jibu langu ni kuvitenganisha vile vitu vinne nilivyoanza navyo: gari, fedha, sampuli na barua ya mapendekezo. Anayeshika fedha asiwe ndiye anayeandika barua za mapendekezo peke yake; kila mwanafunzi aandikiwe pia na mtu asiyekuwa na hisa katika mradi. Takwimu za saiti ziwekwe mahali ambapo watafiti wote wa mradi wanazifikia, na makubaliano ya nani ataandika nini yasainiwe kabla ya kwenda fildi, Watanzania na wageni kwa pamoja. Dereva apewe maagizo ya maandishi kwamba mtu yeyote akiomba kuondoka kwa sababu za usalama, anaondoka siku hiyo hiyo bila kuulizwa sababu, na bajeti iwe na mafuta ya safari hiyo kama inavyokuwa na fedha za dharura ya ugonjwa. Kazi za shimoni na za beseni zizunguke kwa zamu. Kwenye kikaratasi cha mfuko ziwepo herufi za aina mbili, za aliyepata na za aliyeandika.

Haya tumeanza kuyajaribu kwenye mradi mmoja ninaoshiriki. Kanuni tuliziandika kwa Kiswahili, zikatosha ukurasa mmoja, na tukazisoma kwa sauti jioni ya kwanza, vibarua na mpishi wakiwemo. Mzee mmoja aliyekuwa amechimba na makundi mengi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, sasa hayo majina yetu yakishaandikwa, sisi tutayasoma wapi?" Lilikuwa swali la haki kabisa. Tulikubaliana kwamba ripoti ya mradi iandikiwe muhtasari wa Kiswahili wenye majina yote, nakala moja ibaki ofisi ya kijiji na nyingine shuleni. Herufi mbili kwenye kikaratasi hazikuongeza kazi yoyote. Zamu za shimoni ziliwachelewesha wanafunzi kwa siku chache za mwanzo, baadaye michoro ya tabaka ya wasichana ikawa miongoni mwa iliyo safi zaidi.

Najua pia kwamba mambo yanaweza kubadilika katika ngazi ya juu, kwa sababu nimeona yakibadilika. Makala ya mwaka 2016 katika jarida la eLife, iliyotangaza nyayo mpya za zamadamu zilizopatikana Laetoli, mwandishi wake wa kwanza ni Fidelis Masao, na Watanzania wengine wamo kwenye orodha hiyo ya waandishi pamoja na wenzao kutoka Italia. Laetoli hiyo hiyo ambako Mbuika alifukua bila kuwa mwandishi wa chochote, Mtanzania aliandika jina lake mbele. Nililia nilipoisoma, na sioni aibu kusema hivyo.

Kilichobaki kigumu ni malalamiko. Kikao chetu cha idara kilikubali karibu kila kitu, kikakwama kwenye swali la nani apokee lalamiko dhidi ya mkuu wa idara mwenyewe, au dhidi ya profesa ambaye mradi wake unalipia kompyuta za maabara. Wengine walitaka lipitie ngazi za kawaida, yaani kwa mkuu wa idara. Pendekezo langu, ambalo bado liko mezani, ni watu watatu: wawili kutoka kitivo kingine na mmoja aliyekwisha kustaafu, asiye na cha kupoteza wala cha kutafuta. Namba zao za simu mwanafunzi aziandike kwenye simu yake kabla gari halijatoka Dar es Salaam, dereva awe nazo pia, na watatu hao wawe na uwezo wa kutuma nauli moja kwa moja kwa aliye fildi bila kumwomba mtu yeyote wa mradi saini. Mwenzangu mmoja aliuliza kama hilo halitawafanya wakuu wa miradi waonekane kama watuhumiwa. Nilimjibu kwamba mimi ni mkuu wa mradi, na namba ya kwanza ya watu hao nataka ibandikwe kwenye hema langu.